Rangi ya Ukucha Mzima

Sipendi miguu ya watu. Sikuipenda kabla sijaanza kulipwa kwa kuishika, na baada ya kulipwa niliichukia kabisa. Nalisema hili mapema ili msomaji asinidhanie kuwa mtu wa huruma. Kuna kidole kimoja, kidole gumba cha mguu wa kushoto wa mwanamke aliyenipokea Marekani, ambacho nilikipaka rangi mara tatu, na angalau mara mbili kati ya hizo nilijua kwamba hakikupaswa kupakwa. Habari ninayotaka kuieleza ni ya kidole hicho, lakini siwezi kukifikia bila kupitia kwenye kinyaa changu, maana kinyaa ndicho kilichonipofusha.

Niliingia kwenye kazi ya kucha mwaka wa tisini na saba, Silver Spring, baada ya mwaka mzima wa kusafisha ofisi za watu. Mgongo ulikuwa umekwisha. Mtu akaniambia kwamba kazi ya kucha hufanywa umekaa kwenye kiti, nami sikuuliza swali la pili. Nikajiandikisha chuo cha urembo ili nipate leseni, na siku ya tatu nikajuta.

Mwalimu wetu alikuwa Mmarekani mweusi, mwanamke mpana mwenye sauti ya mhubiri. Alibandika ukutani picha za kucha mbovu, kila moja kubwa kama sinia, akatupitisha moja moja bila huruma, tena kabla ya chakula cha mchana. Ukucha wenye mifereji, alisema, unausugua taratibu na kuendelea. Vidoa vyeupe havina neno. Aliyetafuna kucha zake hadi kwenye nyama, mtengeneze kila wiki, ataacha. Ukucha uliogongwa na damu ikavilia chini yake, uache, damu itasukumwa mbele ukucha unapokua. Hizo ndizo zilizoruhusiwa. Halafu akaja kwenye zile tusizoruhusiwa kugusa: ukucha ulioliwa na fangasi ukawa mnene, wa njano, unaovunjika kama ukoko wa wali; ukucha unaoachana na nyama; kidole kilichotunga usaha pembeni; ukucha uliojikunja ukaingia ndani ya nyama hadi nyama ikavimba na kuufunika. Kwa hizo hatukuruhusiwa hata kutaja jina la ugonjwa. Tulifundishwa kusema sentensi moja ya adabu: samahani, ukucha huu sitaweza kuufanyia kazi, nenda ukamwone daktari.

Picha ya mwisho ilikuwa ya mstari mweusi ulioshuka ukucha wima, kutoka kwenye mzizi hadi ncha. Mwalimu alituangalia, darasa karibu zima watu weusi, akatuambia tusipige kelele bure, wengi wetu tunayo mistari kama hiyo na mara nyingi haina ubaya wowote. Lakini ukiwa kwenye ukucha mmoja tu, ukawa unapanuka, na weusi ukavuka ukaingia kwenye ngozi pale mzizini, basi usikate, usisugue, usipake kitu. Mtu huyo aende kwa daktari wiki hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa saratani. Niliyaandika hayo yote kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri, na nilifaulu mtihani.

Duka lililoniajiri lilikuwa dakika chache kwa mguu kutoka stesheni ya treni. Mwenyewe alikuwa mama wa Kivietinamu, mkali, mwepesi wa mikono, ambaye hakuwahi kukunja uso mbele ya mguu wa mtu hata siku moja. Mimi nilikunja uso ndani kwa ndani kutwa nzima. Walikuja wanawake wa ofisi za serikali wamevaa suti za kupendeza, wananukia vizuri, wanavua viatu. Loo! Mmoja alikuwa na kucha za bandia alizokaa nazo muda mrefu kupita kiasi; nilipoinua moja, chini yake ukucha wake halisi ulikuwa wa kijani, kijani cha mkate ulioota ukungu, na unyevu ukanirukia kwenye kidole cha glavu. Mwingine alikuwa amejichimba mwenyewe kwa mkasi pembeni mwa ukucha, kidole kikatunga usaha, akaja akitaka tumalizie. Nikasema ile sentensi yangu ya adabu. Alinijibu kwamba mimi ni mvivu.

Baada ya miezi michache nilishindwa kula ugali kwa mkono. Nilinawa mara tatu, nikanusa vidole, nikachukua kijiko. Mpare anayekula ugali kwa kijiko! Mume wangu, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye ghala moja Landover, alicheka hadi machozi. Kila jioni aliniuliza, "Leo umeshika miguu ya waziri gani?" Nilikuwa nikiona vumbi la kucha za watu likielea mbele ya taa ya duka, na nilijua kwamba ninalivuta puani.

Sasa nieleze habari ya kanisa. Sisi tunasali Jumamosi. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya meza ya Bwana, tunatawadhana miguu: wanaume chumba chao, wanawake chumba chao, wawili wawili, huyu anapiga magoti na kumwosha mwenzake kwa beseni na taulo, kisha wanabadilishana. Kwetu milimani Upare jambo hili halikuwa na hila. Watu walifika wametembea, miguu ina udongo mwekundu hadi kwenye vifundo, maji ya beseni yakawa kama chai, na hakuna aliyeona aibu kwa sababu kila mguu ulikuwa mchafu kwa namna ile ile.

Silver Spring ilikuwa tofauti. Tulikuwa mchanganyiko, Watanzania wachache, Wakenya wengi, dada wawili wa Kikongo, na takriban wote walifanya kazi ya kusimama. Wauguzi, wahudumu wa wazee, wapishi wa hospitali. Mtu aliyesimama zamu mbili mfululizo ndani ya viatu vya plastiki hana mguu wa kuonyesha. Basi dada mmoja wa kwaya, Ijumaa moja kabla ya huduma hiyo ya miguu, akanipigia simu. "Dada, wewe si ndiyo unajua kucha? Nisaidie, kesho nitaumbuka." Akaja, nikamtengeneza. Robo iliyofuata walikuja wanne. Baadaye wakawa wanane, kila mmoja na beseni lake na taulo lake, wamejipanga sebuleni kwangu Ijumaa mchana, wakiniharakisha kwa sababu Sabato huingia jua likizama na majira ya baridi jua lile halisubiri mtu. Tulikuwa tunaosha miguu ili ikaoshwe. Ibada iliyowekwa tunyenyekee ikawa imetuletea saluni, na hakuna aliyeona kichekesho hicho isipokuwa mume wangu, ambaye Ijumaa hizo alihamia kwa jirani.

Sikuweza kuwakataa. Wageni wa dukani ningewaambia sentensi ya adabu. Hawa walikuwa dada zangu. Kwa hiyo niliishika miguu ambayo sheria ilinikataza. Fangasi nilizipunguza kwa msasa nimefunga pumzi. Visigino vilivyopasuka nilivisugua kwa jiwe hadi ngozi ikaanguka kwenye gazeti kama jibini iliyokwaruzwa. Wao wakiimba nyimbo za kanisa, wakinisifu kwamba nina kipaji cha utumishi, mimi kichefuchefu kinanipanda hadi kooni. Nilijikaza kisabuni.

Mguu mbaya kuliko yote ulikuwa wa mama yetu shemasi.

Huyu alikuwa Mkenya wa kutoka milima ya Kisii, amevuka miaka sitini, mjane, mhudumu wa wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Ndiye aliyechemsha maji ya huduma, akabeba mabeseni na kukunja taulo. Nilipofika Marekani sina mbele wala nyuma, nililala kwenye sofa yake miezi minne, na koti langu la kwanza la baridi alilivua mwilini mwake akanivika. Aliniita "msichana wangu". Kwa mama huyu nilikuwa na deni lisilolipika, na bado alipoketi mbele yangu kwa mara ya kwanza, Septemba moja, na kuvua soksi, mwili wangu wote ulirudi nyuma.

Kucha zake zilikuwa nene kama pembe, za njano, zimepinda. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe kwa unyevu. Na kidole gumba cha kushoto, chini ya ule unene, kilikuwa na mstari mweusi.

"Hapa ni nini, mama?"

"Hiyo? Ni wheelchair ilinikanyaga kwa kazi. Usijali, itaisha."

Nikaamini. Damu iliyovilia inaruhusiwa. Nilipunguza ukucha kwa msasa, nikausafisha, lakini ule weusi ulibaki pale unanitazama, na mama akauona, akasikitika.

"Sasa kesho nitatoa mguu mbele ya watu namna hii? Na mimi ndiye shemasi?"

Kanisa letu halikupenda rangi za kucha. Kwetu hayo ni mambo ya dunia. Lakini mimi nilikuwa na haraka, jua linashuka, na nilitaka mguu ule utoke mapajani mwangu. Nilichukua vichupa viwili, rangi ya hudhurungi na ya waridi iliyopauka, nikachanganya kwenye kifuniko tone kwa tone hadi nikapata rangi hasa ya ukucha mzima wa mtu mweusi. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mama akarudisha mguu nyuma kidogo.

"Si rangi hiyo?"

"Si rangi, mama," nikamwambia. "Ni dawa. Inalinda ukucha."

Uongo ule ulinitoka kirahisi, na niliona ni uongo mdogo wa hisani. Nikapaka tabaka mbili. Ukucha ukawa mzima, safi, kama wa msichana. Dada wote walishangilia. Nikammiminia mabaki kwenye kichupa kidogo nikampa aende nacho, kisha nikaenda bafuni kunawa hadi viwiko.

Desemba alirudi. Nilipoifuta ile rangi kwa asetoni nilikuta mstari haukusogea mbele hata kidogo. Damu iliyovilia husogea kadiri ukucha unavyokua; nilijua hivyo, niliwahi kuulizwa kwenye mtihani. Huu ulikuwa umekaa pale pale, umepanuka, na kingo zake zimechafuka. Ukucha mmoja tu. Kucha nyingine tisa hazikuwa na mstari wowote. Nilitazama kwa muda wa kutosha kujua, kisha nikageuza macho. Kulikuwa na harufu. Kulikuwa na dada watano wanasubiri. Nilijiambia labda kiti cha magurudumu kimemkanyaga tena. Nilijiambia mimi si daktari. Waswahili husema funika kombe mwanaharamu apite, nami nilifunika, tabaka mbili, na nikamjazia kichupa chake.

Machi sikutazama kabisa. Hili ndilo ninaloona aibu zaidi kuliandika. Sikuifuta rangi ya zamani. Nilipaka juu yake, haraka, huku nikimuuliza habari za wajukuu zake kule nyumbani, na yeye akinisimulia kwa furaha. Nilijifanya nasikiliza ili nisione. Usiku sikuwaza lolote. Nililala vizuri.

Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na wenye sukari hukaguliwa miguu. Wiki mbili kabla ya huduma ya Juni tulikutana kwenye veranda ya kanisa baada ya ibada, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, uso unang'aa.

"Msichana wangu, nilienda clinic. Daktari aliangalia miguu, akasema, very good, you take care of yourself. Nikamwambia ni msichana wangu ananitengeneza."

"Aliangalia kidole gumba?"

"Aliangalia zote. Lakini nilikuwa nimepaka ile dawa yako asubuhi, nisiende kumwaibisha daktari na mguu mbaya. Na mimi huwa sikosi, kila Jumatano napaka. Imebaki kidogo tu."

Kila Jumatano! Mama wa watu alikuwa akijitibu kwa rangi ya kucha miezi tisa, kwa uaminifu ule ule aliokuwa akinywea vidonge vyake vya sukari. Daktari aliyesoma miaka yote ile alitazama ukucha wangu wa uongo akauona mzima. Nilitaka kusema pale pale. Watu walikuwa wakipita, wakitusalimia, mchungaji akaja akampa mama mkono. Nikawaacha wakisalimiana. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakutuambia anaumbuliwa vipi yule anayeficha maradhi ya mwenzake.

Nilijisikia kinyaa wiki zile mbili, na safari hii kinyaa hakikuwa cha miguu. Dukani nilikata vidole vya wateja mara mbili hadi damu ikatoka. Mama wa Kivietinamu alinitazama akaniambia niende nikapumzike kwenye chumba cha nyuma. Nilikaa kule kati ya maboksi ya pamba nikijipangia maneno, na kila nilipoyapanga yalianza na yeye: mama, una ugonjwa, mama, usiogope. Hakuna hata mpango mmoja ulioanza na mimi.

Ijumaa ilipofika alikuja wa kwanza, na beseni lake la bluu. Dada watatu wakafuata nyuma yake. Akaketi, akavua soksi, akaniwekea mguu mapajani kama kawaida. Nikachukua pamba na asetoni.

Rangi ilikuwa imerundikana tabaka juu ya tabaka, nene kama ganda. Pamba ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ikaanza kuchukua hudhurungi. Nilipofika kwenye pamba ya sita au ya saba ganda liliachia, na kilichokuwa chini yake nitakiona hadi nife. Weusi ulikuwa umemeza zaidi ya nusu ya ukucha. Ukucha wenyewe ulikuwa umepasuka katikati, na ndani ya ule ufa mlikuwa na nyama mbichi, inayong'aa, inayotoa majimaji. Kwenye mzizi, ngozi ilikuwa nyeusi, weusi usiokuwa wa ngozi yetu, umesambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Harufu ikapanda. Dada mmoja wa Kikongo akasema, "Mungu wangu," akafungua dirisha.

Nilitaka kutapika. Nilishika ule mguu.

"Mama, leo sipaki."

"Kwani dawa imeisha?"

"Haikuwa dawa, mama. Ni rangi. Rangi ya kucha tu."

Alinitazama. Nadhani hakuelewa mara moja, kwa sababu alitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Ni rangi?"

"Ni rangi. Na hiki cheusi si cha wheelchair. Jumatatu lazima uende kwa daktari, na usipake kitu."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Niliona Desemba."

"Desemba." Alihesabu kwa midomo bila sauti. "Na Machi ukapaka tena."

"Nikapaka."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Haraka, watu, jua linazama, sina leseni ya udaktari. Yote yalikuwa kweli kiasi. Nikampa lile lililokuwa kweli lote.

"Nilikuwa na kinyaa, mama. Sikutaka kuangalia."

Akashusha mguu wake kutoka mapajani mwangu, polepole, akauweka kwenye zulia. Hakuinua sauti. Laiti angepiga kelele.

"Mimi kila asubuhi navua mzee wa watu nguo," alisema. "Naangalia mwili yote, hata pale mtu haangaliwi. Nikiona alama ndogo kama mbegu ya nyanya, naenda kwa nurse, naandika. Kuna wenye wananitemea mate. Kuna wenye wananiita majina. Naangalia tu. Nobody ameniuliza kama nasikia vibaya." Akavuta soksi yake. "Na mimi mguu wangu sioni vizuri, macho ni ya sukari. Nilidhani wewe unaniangalilia."

Akachukua beseni lake tupu. Dada wa kwaya alitaka kumsaidia, akamwambia ataweza. Tukamsikia akishuka ngazi, hatua moja moja. Ijumaa ile sikumtengeneza mtu mwingine. Wale dada walibeba mataulo yao wakaondoka bila kuniaga, na mume wangu aliporudi kutoka kwa jirani alinikuta nimekaa na pamba za hudhurungi mkononi.

Kesho yake alikuja kanisani. Alichemsha maji, akabeba mabeseni, akakunja taulo, kama robo zote. Mguu wake aliufunga kitambaa cheupe safi. Wakati wa kutafuta wenza nilisimama mbele yake na beseni. Aliniambia kwa upole kwamba hawezi kulowesha kidonda, aoshwe mguu mmoja tu, na ameshamwomba mama mwingine. Nikaenda kuoshana na mgeni ambaye simkumbuki uso.

Jumatatu alikwenda. Walikata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa, na majibu yakarudi kama mwalimu wangu alivyotuonya. Julai wakakata kidole chote, na baadaye, mwishoni mwa kiangazi, wakatoa na tezi za kwenye kinena. Nilimuuliza daktari kwenye korido, mimi nikijifanya binti yake, kama ingekuwa Desemba ingekuwaje. Akasema haiwezekani kujua. Aliniambia kwa wema, lakini wema wake haukunisaidia, kwa sababu mimi nilikuwa sitaki kusamehewa na mtu asiyehusika.

Nilimwomba radhi kitandani kwake, nimepiga magoti, nalia kama mtoto. Akanisamehe. Wala hakungoja nimalize. "Nimekusamehe, msichana wangu, toka zamani nilikuwa nimekusamehe," akasema, akanipapasa kichwa, akaniuliza kama nimekula. Ilikuwa kweli, si maneno ya kanisa. Najua ilikuwa kweli kwa sababu ya yaliyofuata. Alirudi kazini akichechemea kidogo, wakampa kazi ya kukaa na wazee wakati wa chakula. Alinipikia mboga zake kila Jumapili. Mwaka uliofuata nilipojifungua, ni yeye aliyekuja kuniogeshea mtoto asubuhi na jioni, mwezi mzima, na alimwangalia yule mtoto kuanzia utosini hadi nyayo, mkunjo kwa mkunjo, akinieleza anachokiona ili nami nijifunze. Nguo za mtoto alifua kwa mkono. Funguo za nyumba yake alinipa.

Na kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka yote niliyoishi Silver Spring, nilijaza beseni maji ya uvuguvugu, nikachukua taulo, nikamfuata alipoketi. Nilikuwa sisikii kinyaa tena, wala cha vidole vyake tisa wala cha lile kovu. Alinitazama kwa macho yale yale ya upendo, akanigusa bega.

"Nishapata mtu, msichana wangu."

Kila kitu chake alinipa. Mguu hakunipa tena.